Ikhwani Safaa na Deni la Wanaisimu

Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa mjini Zanzibar mwaka 1905, aghalabu huelezwa kwa ala zake: udi, kanuni, fidla. Maelezo hayo yana kasoro. Hapo mwanzo chama kiliimba kwa Kiarabu. Leo hazina yake kubwa ni nyimbo za Kiswahili. Badiliko hilo ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la muziki. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri mjini Bombay mwaka 1928, alidhihirisha kwamba Kiswahili chaweza kuibeba taarabu. Lakini namna vina na mizani vilivyopatanishwa na lahani za Kimisri haijachunguzwa vya kutosha. Wanaisimu wamewaachia wanamuziki kazi iliyo yao. Udi ukivunjika huundwa mwingine. Fumbo likifa na mtunzi wake, wimbo hubaki sauti tupu. Kwa hiyo yafaa idara za Kiswahili zikusanye matini za nyimbo hizo, pamoja na fasiri za watunzi wenyewe, maadamu wazee wangali hai. Kuhifadhi kanda pekee si kuhifadhi lugha.