Pamba baraza kwa makopo, lakini usifuge mbu

Ukitoka Masasi kupanda Newala, yale mawe makubwa ya mjini yanabaki nyuma, na kadiri gari linavyopanda ndivyo hewa inavyopoa. Hivi karibuni nilikwenda huko kumsalimia mama yangu mdogo, nikakuta baraza lake limebadilika kabisa.

Dumu la mafuta ya kula la lita 20 lilikuwa limekatwa ubavuni, likajaa mrehani. Sufuria iliyotoboka ilikuwa na waridi. Makopo ya maziwa ya unga yalikuwa yamepakwa rangi iliyobaki alipopaka milango, yakaning'inizwa kwa kamba ya katani. Sebuleni, juu ya kitambaa cha meza, chupa ya juisi ilikuwa imevalishwa kipande cha kitenge, na ndani yake kulikuwa na matawi ya bogenvilia.

"Mwanangu, hapa sijatoa hata shilingi," aliniambia. "Vyote hivi vilikuwa vya kutupa."

Nilimsifu kwa moyo wote. Nikapiga picha. Kisha nikainama kuangalia waridi na kuona sahani kuukuu aliyoiweka chini ya sufuria kukinga maji. Ilikuwa imejaa viluwiluwi vya mbu, vinapanda na kushuka.

Shida ikawa namna ya kumwambia. Majirani wawili walikuwa wamekaa pale wakisifia maua, na mtoto hamsahihishi mama yake mbele ya watu. Nikamwomba chupa ya kioo, nikachota yale maji, nikafunika mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua kilichochanika na kuiweka pembeni. Siku ya tatu asubuhi aliniita mwenyewe. Ndani ya chupa walikuwamo mbu weusi wenye madoa meupe miguuni.

"Kumbe nawafuga mwenyewe," alisema.

Jina lilitoka huku kwetu

Ndugu msomaji, mbu wale ni jamii ya Aedes. Tofauti na mbu wa malaria anayeuma usiku, huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Ndiye anayeeneza dengue, homa iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Ndiye pia anayeeneza chikungunya.

Wengi wakisikia neno chikungunya hudhani ni la Kiswahili, au la mbali huko. Ni neno la Kimakonde, lenye maana ya kupinda au kujikunja, kwa sababu mgonjwa huumwa viungo hadi akashindwa kunyooka. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 hapa hapa kwenye uwanda wa Makonde, Newala na maeneo ya jirani. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya misheni ya Lulindi, Masasi, na mtafiti W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo yake mwaka 1955. Leo jina hilo liko kwenye vitabu vya udaktari duniani kote.

Lumsden aliona jambo ambalo kila mwenyeji wa uwanda huu analijua. Huku juu maji ni ya shida, hivyo kila nyumba huyahifadhi kwenye vyombo, na mbu huyu hupenda kutaga kwenye vyombo vya nyumbani kuliko mtoni au bwawani. Mwaka 2004 chikungunya ilipozuka Lamu, Kenya, ulikuwa wakati wa ukame, na watu walikuwa wameweka maji majumbani kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kopo la maua lisilotoboka, likiwa barazani, kwa mbu huyu ni nyumba tosha.

Fanya hivi

Simwambii mtu aache maua. Mama mdogo hakung'oa hata moja. Tulichofanya ni kupita chombo kimoja kimoja siku nzima ya Jumamosi, na nawe unaweza kufanya hivyo hivyo.

Toboa kila chombo cha kupandia. Matundu manne au matano chini yanatosha kwa dumu. Ukitumia msumari wa moto kutoboa plastiki, fanya kazi hiyo nje, maana ule moshi si wa kuvuta. Kopo la bati toboa kwa msumari na nyundo, kisha pigapiga ukingo uliokatwa ulale ndani usije ukamkata mtoto.

Sahani ya kukingia maji ijaze mchanga hadi ukingoni. Mchanga utanyonya maji yanayochuruzika, na mbu hatapata pa kutagia. Kama huna mchanga, mwaga maji ya sahani kila unapomwagilia.

Chupa ya maua yanayokaa kwenye maji, pamoja na ile mimea inayootesha mizizi kwenye chupa dirishani, ibadilishe maji mara moja kwa wiki. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi, hivyo wiki moja ndiyo mpaka wako. Usimwage tu. Sugua ndani kwa brashi au mchanga, kwa sababu mayai hugandamana ukutani juu kidogo ya usawa wa maji. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi, yakaanguliwa siku utakapotia maji tena. Maji uliyoyatoa yamwage juu ya udongo mkavu.

Tairi la kupandia maua litoboe sehemu ya chini kisha lijaze udongo mpaka kwenye mikunjo ya ndani. Tairi tupu lililolala uani hukusanya maji hata baada ya mvua ndogo.

Makopo yanayosubiri zamu yake yageuze mdomo chini au yaweke ndani. Kwa mama mdogo tulikuta mengi ya namna hiyo nyuma ya jiko. Na ndoo au pipa la maji ya matumizi lifunikwe vizuri.

Kuna vyombo ambavyo havifai kabisa. Huku kwenye korosho, kila nyumba ina chupa au kopo la kiuatilifu, au mfuko wa salfa uliobaki baada ya kupuliza. Chombo kilichobeba dawa ya shambani hakigeuzwi pambo, hata kama umekiosha mara kumi. Mtoto hajui kwamba leo ni chombo cha maua na jana kilikuwa na sumu. Kioshe mara tatu, maji yake yabaki shambani mbali na kisima, kitoboe kisitumike tena, kisha muulize bwana shamba pa kukipeleka. Makopo ya rangi yatumie kwa maua tu, usipandie mchicha.

Ukipata homa

Jioni ile mama mdogo alinikumbusha kwamba mwaka jana aliumwa homa. Alipima malaria, hakukutwa nayo. Homa iliondoka, lakini magoti na vidole vilimuuma kwa wiki kadhaa hata kuokota kuni akashindwa. Sisemi ilikuwa chikungunya, maana hakupimwa. Ila aliitazama ile sahani kwa muda mrefu.

Ukiwa na homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo, na kipimo cha malaria hakioni kitu, usinunue dawa ya malaria dukani kwa kubahatisha. Rudi kituo cha afya, eleza dalili zote. Kunywa maji kwa wingi, tumia paracetamol kwa kipimo sahihi, na uepuke aspirini na ibuprofen mpaka daktari ahakikishe si dengue, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Mama mdogo sasa amechagua Jumamosi kuwa siku ya maua. Wajukuu wanasugua chupa, yeye anakagua. Juzi alinitumia picha ya kopo jipya la alizeti. Nilimpigia, na kabla sijauliza chochote akaniwahi: "Nimetoboa, mwanangu, nimetoboa."

Tukutane wiki ijayo.