Mofini, Maumivu na Suali la Kusaidiwa Kufa



Tumeletewa suali na mama mmoja wa Galbet, mjini Garissa, anayemuuguza mama mkwe wake mwenye saratani ya umio. Bibi huyo, ambaye wajukuu humwita ayeeyo kwa desturi ya Wasomali, hawezi tena kumeza ila uji mwepesi na maziwa, na usiku hulia kwa maumivu. Daktari amemwandikia mofini ya maji. Kijana wa nyumba hiyo aliyeko London akapiga simu akasema wasimpe, kwani huko Uingereza ndivyo wanavyotaka kuwaua wagonjwa, na wabunge wamekwisha kukubali. Mzee mmoja wa mtaa akaongeza kuwa mofini ni kileo. Chupa ikawekwa juu ya kabati. Mama akatuuliza: "Maalim, nikimpa, nitakuwa nimemuua?"

La, hutakuwa umemuua. Mpe kwa kipimo alichoandikiwa. Lakini kwa kuwa suali hili limechanganya mambo matatu yasiyofanana, na kwa kuwa nyumba nyingi zimo katika mchanganyiko huo huo, tumeona tulieleze kwa urefu.

Habari aliyoisikia kijana ina asili. Tarehe 29 Novemba 2024 wabunge wa Uingereza waliupigia kura mswada wa mbunge Kim Leadbeater, unaomruhusu mtu mzima aliyekadiriwa kubakiwa na muda usiozidi miezi 6 kuomba dawa ya kukatisha uhai wake. Waliokubali walikuwa 330, waliokataa 275. Ulipopigiwa kura tena tarehe 20 Juni 2025, tofauti ilipungua: 314 kwa 291, kisha ukapelekwa Baraza la Malodi. Waliopinga hawakuwa Waislamu peke yao. Askofu mkuu wa Kanisa la Kianglikana alipinga, na kardinali wa Wakatoliki vilevile. Shabana Mahmood, Mwislamu aliyekuwa waziri wa sheria wakati huo, aliwaandikia watu wa jimbo lake kwamba haifai dola kuwapa raia kifo kama huduma. Kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba 2019, wawakilishi wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu walitia saini tamko la pamoja mjini Vatican, wakikataa kumuua mgonjwa na kumsaidia ajiue, na wakihimiza atulizwe maumivu. Sehemu ya pili ya tamko hilo hutajwa kwa nadra mimbarini.

Ama hukumu ya sharia katika kumwua mgonjwa kwa huruma, au kumpa sumu ainywe mwenyewe, haina mvutano. Roho ni amana, na mwenye amana si sisi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu amekataza tusijiue, na papo hapo akajisifu kwa rehema juu yetu. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya mtu wa umma zilizotangulia aliyekuwa na jeraha, akashindwa kustahimili, akajikata mkono kwa kisu mpaka damu ikamwisha. Akalaumiwa kwa kumharakishia Mola wake. Mgonjwa aliyezidiwa hata hivyo hakuachwa bila neno la kusema. Mtume (S.A.W.) alitukataza kutamani mauti kwa sababu ya dhara, lakini akamfundisha asiyekuwa na budi amwombe Mola ambakishe maadamu uhai ni kheri kwake, na amfishe ikiwa mauti ndiyo kheri. Kwa hiyo ayeeyo akisema amechoka, asikaripiwe kana kwamba amekufuru. Afundishwe dua hiyo.

Sheria ya Kenya nayo haijabadilika katika jambo hili. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinamhukumu anayemsaidia mwenziwe kujiua kifungo kinachoweza kufika cha maisha. Kilichobatilishwa na Mahakama Kuu tarehe 9 Januari 2025 ni kifungu cha 226, kilichomfanya mhalifu yule aliyejaribu kujiua akanusurika. Hukumu hiyo inamtoa mgonjwa wa akili mikononi mwa polisi ili apelekwe kwa tabibu. Asije mtu akaitafsiri kuwa ni ruhusa.

Jambo la pili ni kuacha tiba isiyofaa kitu. Wengi wa wanazuoni wamesema kujitibu si wajibu katika kila hali. Husuniwa, na pengine huwa mubaha tu, hasa pale ambapo manufaa hayatarajiwi. Yule mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume alipewa hiari baina ya kuombewa afya na kusubiri apate Pepo, naye akachagua kusubiri. Mwezi wa Oktoba 1986, mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kuwa mashine za kupumulia zaweza kuondolewa iwapo mabingwa wamethibitisha kuwa kazi zote za ubongo zimekoma bila ya kurejea. Familia inayouza ngamia wa mwisho ili kumsafirisha mgonjwa Nairobi kwa upasuaji ambao madaktari wenyewe wamesema hautamfaa, haikulazimishwa hivyo na dini.

La tatu ndilo la chupa iliyo juu ya kabati. Mofini ni dawa ya maumivu. Daktari huanza na kipimo kidogo, akakipandisha taratibu kwa kadiri ya maumivu; katika siku za mwanzo mgonjwa huweza kusinzia au kuona kichefuchefu, kisha hupungua, na choo hufunga, ndiyo maana hupewa na dawa ya kulainisha. Ikipimwa hivyo haikusudiwi kuua wala haiharakishi kifo, na mgonjwa aliyetulia hupata usingizi, hula kidogo na huweza kusali, walau kwa ishara, akiwa kitandani. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi akiwa miongoni mwao, walijadili karne nyingi nyuma juu ya kumpa mtu dawa ya kupumbaza akili ili akatwe kiungo kilichooza, wakaiona rai ya kujuzisha kuwa ndiyo yenye nguvu. Iwapo hilo limejuzu kwa saa moja ya kisu, vipi lisijuzu kwa bibi ambaye kisu kimo ndani ya kifua chake usiku na mchana? Kileo hunywewa kwa kutafuta ulevi. Huyu anatafuta kulala.

Jirani zetu wa Uganda wametutangulia katika hili. Tangu mwaka 1993, ilipoanzishwa Hospice Africa Uganda, mofini ya maji imeenezwa huko, na mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo waliruhusiwa kuiandika. Kwetu, uchunguzi uliotolewa na Human Rights Watch mwaka 2010 uliikuta katika hospitali 7 tu za serikali kati ya takriban 250. Hali imesogea tangu hapo, na Garissa yenyewe sasa ina kituo cha saratani katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataja huduma ya kutuliza maumivu miongoni mwa haki za mwananchi. (Na kwa kuwa tumetaja umio: mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa vinywaji vya moto uliopita nyuzi 65 yaelekea husababisha saratani hiyo. Chai ya maziwa iachwe ipoe kidogo, hata kama mgeni atanung'unika.)

Lakini mofini haitamaliza kila kitu. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya kusaidiwa kufa ilianza kutumika mwaka 1997, taarifa za kila mwaka zinaonyesha kuwa maumivu siyo sababu inayoongoza. Wengi hutaja kupoteza uwezo wa kujiamulia, na wengi vilevile huogopa kuwa mzigo kwa jamaa zao. Neno hilo tumelisikia Galbet na tumelisikia Mombasa. Mzee husema, "Nimewachosha," na hakuna anayemjibu, kwa sababu kweli wamechoka.

Wanaochoka ni nani? Ni mke wa mtoto, ni binti aliyeacha kibanda chake cha biashara sokoni. Wanaume huja baina ya magharibi na isha, wakauliza hali, wakatoa fatwa, wakaondoka. Kijana wa London aliyekataza dawa kwa simu hajawahi kubadilisha shuka za bibi yake hata usiku mmoja. Kama anataka kusaidia, atume fedha za kumlipa msaidizi wa usiku, au za teksi ya kwenda hospitalini.

Mama, ishushe chupa. Iweke mbali na watoto, usiongeze kipimo kwa rai yako, na usikikatize ghafla. Muulize ayeeyo mwenyewe kama anaitaka, maana akili yake ni timamu na hakuna aliyemuuliza. Dawa ikikaribia kwisha, mtume mmoja wa wanaume hospitalini siku tatu kabla, asingoje mpaka Ijumaa jioni.

Wallahu aalam.