Beki akistaafu, mbona huwa kaimu tu?

Kadenge na mpira! Kizazi kizima cha Wakenya kilijifunza kandanda kwa maneno hayo ya redioni, na sisi wakazi wa Kariokor tuna ukumbusho wake karibu: uwanja wa City, Barabara ya Jogoo, ulipewa jina la Joe Kadenge baada ya mshambuliaji huyo kufariki mwaka 2019. Alistahili. Beki naye ana uwanja gani?

Nimchukue John "Bobby" Ogolla, aliyelinda ngome ya Gor Mahia na Harambee Stars katika miaka ya 1980. Mashabiki walimbandika jina la Mtu wa Dola Milioni Sita, kutokana na mchezo wa televisheni wa Kimarekani kuhusu mtu aliyeundwa upya kwa mitambo. Alikuwa katika kikosi kilichotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, ambalo enzi hizo liliitwa Kombe la Mandela. Gor Mahia walitoka sare ya 2-2 na Esperance mjini Tunis, kisha 1-1 hapa Nairobi, wakashinda kwa mabao ya ugenini. Waulize wanafunzi wako nani alileta kombe hilo. Wachache wanaojua watakutajia Peter Dawo, mfungaji. Sawa. Lakini kwa hesabu ile, bao moja tu zaidi la Watunisia jijini Nairobi lingelipeleka kombe Tunis. Bao ambalo halikufungwa halina mtangazaji.

Ogolla alistaafu, akaingia ukocha. Mkroeshia Zdravko Logarusic alipoondoka Gor Mahia mwaka 2013, yeye ndiye aliyeachiwa timu, hadi alipoletwa Mskoti Bobby Williamson mwaka huohuo. Akaitwa kaimu. Hapa ndipo isimu, kazi inayonipa mkate, inaponikera. Neno hilo tulilitoa katika Kiarabu, na asili yake ni mtu anayesimama. Katika kurasa zetu za michezo limegeuka kuwa mtu anayengoja kuondolewa.

Na beki ni mwalimu kabla hajastaafu. Dakika tisini uwanja wote uko mbele ya macho yake; ndiye anayepaza sauti, anayepanga wenzake, anayeona hatari kabla haijafika. Elimu hiyo haipatikani kwa ndege kutoka Ulaya. Simkatai kocha mgeni. Jack Johnson, aliyeiongoza Gor Mahia mwaka 1987, alikuwa Mwingereza. Ninachoomba ni mkataba wa miaka miwili au mitatu kwa mzalendo, kama apewavyo mgeni, na afukuzwe akishindwa, kama afukuzwavyo mgeni.