Fidia ya Msimbazi imelipa kuta, riziki imeachwa bondeni

Bonde la Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, linahama. Nyumba nyingi za Jangwani, Kigogo na Hananasif, zilizokuwa zikizama kila masika, zimevunjwa kupisha mradi ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Patajengwa daraja refu, mto utapanuliwa, na kando yake patakuwa na bustani ya jiji. Wengi wa waliokuwa wakiishi hapo wamepewa fedha taslimu, wakajitafutia wenyewe pa kwenda. Mradi wenyewe unahitajika na mto hauna budi kudhibitiwa. Lakini namna watu walivyolipwa ni kosa kubwa la mipango miji, na litaigharimu Dar es Salaam kwa miaka mingi.

Kosa hilo halionekani mpaka mtu aingie ndani ya nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani kuna jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba, mara nyingi mjane au mstaafu, hukaa na wajukuu katika vyumba viwili. Vinne vilivyobaki vina wapangaji. Kodi ya miezi sita inayolipwa kwa mkupuo ndiyo sare za shule, na ndiyo dawa za presha. Barazani pana genge lenye mafungu ya nyanya na bamia, na ikifika jioni jiko la mkaa huwashwa papo hapo, mihogo ikakaangwa. Mpangaji wa chumba cha nyuma huamka kabla ya adhana ya alfajiri akatembea kwa miguu hadi Kariakoo au Mchikichini kuwahi mzigo. Paa hilo moja ni makazi ya watu, pensheni ya mwenye nyumba na eneo la biashara, na kwa kuwa liko karibu na soko, linamwokolea mpangaji nauli ya kila siku.

Wanaoutetea uamuzi wa kuwahamisha watu kwa fidia hiyo wana hoja zao. Mafuriko yanaua; yale ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini. Maeneo mengi ya bondeni yalikuwa hatarishi na wengi walijenga bila hati. Serikali nayo ina wajibu wa kuwatoa watu kwenye hatari. Yote hayo ni kweli, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini aliyetolewa kwenye maji aangushwe kwenye ufukara.

Kiini cha tatizo kimo katika kanuni za kuthamini fidia za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na ambazo zimekuwa msingi wa fidia nchini. Kwenye karatasi zinaonekana kamili. Zina thamani ya soko ya mali, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida. Vifungu hivyo vikisomwa mbele ya baraza lile la mihogo, upungufu wake hujitokeza mara moja.

Hasara ya faida hukokotolewa kwa faida halisi ya mwezi mara 36, na uthibitisho unaotajwa ni hesabu zilizokaguliwa, pale zinapohitajika. Muuza mihogo hana hesabu zilizokaguliwa. Hana mkaguzi, hana leseni, na daftari lake ni la wakopaji. Ametumia baraza hilo hilo kusomesha watoto, lakini mbele ya mthamini biashara yake inakuwa kama haipo. Posho ya usafiri nayo hupigiwa hesabu ya mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Kitanda na makabati yatabebwa na lori mara moja na yatafika. Wateja hawabebeki, na nauli ya kurudi mjini kila siku, miaka nenda miaka rudi, haimo katika posho yoyote.

Mwenye nyumba anatathminiwa zaidi kwa matofali na mabati. Nyumba chakavu ya mabondeni huthaminiwa kidogo, lakini kodi ya vyumba vinne karibu na Kariakoo si kidogo. Kwa fedha hiyo mjane atapata kiwanja Chanika au Mbagala ya ndani, pembezoni mwa jiji, pengine na msingi wa nyumba juu yake, kisha atasubiri wapangaji ambao hawaji, kwa sababu kazi zao zimebaki mjini. Mpangaji hana nyumba ya kuthaminiwa, kwa hiyo kanuni za aina hii hazina cha maana cha kumpa. Katika jiji ambalo wapangaji ni wengi kiasi hiki, kanuni inayowaweka kando wapangaji inawaweka kando wakazi.

Wala hakuna anayeweza kusema jambo hili halikujulikana. Baada ya mafuriko ya 2011 Serikali iliwapeleka waathirika Mabwepande, mbali kaskazini, upande wa Bunju. Walipewa viwanja. Haikupita muda mrefu, baadhi yao wakarudi mjini, wengine bondeni kwenyewe. Wakaitwa wakaidi. Ukaidi gani? Walikuwa wamefuata riziki, na riziki haikuwa Mabwepande. Tena katika miaka hiyo hiyo Serikali yenyewe ilijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi pale pale Jangwani, ikafurika msimu baada ya msimu. Wataalamu waliojenga karakana kwenye mkondo wa maji hawakuitwa wakaidi. Jina hilo aliachiwa mama aliyerudi kutafuta wateja wake wa vitumbua. Huo ni uonevu, na wapanga miji wana wajibu wa kuukataa hadharani.

Njia bora zimewahi kujaribiwa hapa hapa. Sinza ilipimwa viwanja katika miaka ya 1970 chini ya mpango wa viwanja vyenye huduma. Watu wakajenga kidogo kidogo, wakafungua maduka mbele ya nyumba, na leo ni kati ya maeneo yenye biashara nyingi zaidi jijini. Familia 644 za Magomeni Kota, pamoja na kusubiri takriban miaka kumi, zilirudi mwaka 2022 katika maghorofa yaliyojengwa pale pale zilipoondolewa. Kumbe kumrudisha mtu mjini kunawezekana, viongozi wakiamua.

Kanuni za 2001 zirekebishwe. Ushahidi wa serikali ya mtaa na wa majirani utosheleze kuthibitisha biashara ndogo. Kodi ya vyumba ihesabiwe kama kipato, mpangaji aandikishwe kwa jina lake, na kila mradi unaohamisha watu utenge nyumba za kupanga kwenye njia ya mwendokasi kabla nyumba ya kwanza haijavunjwa. Ardhi itakayokauka kando ya Msimbazi itapanda bei mno. Sehemu ya thamani hiyo ijenge nyumba za waliohamishwa, na Bunge lidai hivyo kabla hekta ya kwanza haijagawiwa mwekezaji.