Si kila chenye miiba ni kwekwe

Sisi tunaofundisha isimu huwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba neno si kitu, bali ni alama tu ambayo watu wamekubaliana kuitumia. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili nilifunzwa na mmea mmoja wenye miiba katika ufuo wa Ziwa Michigan, Marekani, nilikokuwa nimekwenda kuhudhuria kongamano la wanaisimu.

Kongamano lilipomalizika, mwenyeji wangu alinipeleka kwenye vilima vya mchanga vya Sleeping Bear, vilivyotanda kando ya ziwa hilo. Mimi ni mwana wa mkulima wa mahindi, na palizi naijua tangu utotoni. Basi nilipouona mbaruti umesimama peke yake mchangani, majani yake membamba yakiwa na rangi ya kijivu kama yaliyonyunyiziwa majivu, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Mwenyeji wangu aliudaka. "Tafadhali usiuguse, Daktari. Huo unalindwa na sheria."

Nilicheka. Kwetu, mtoto aliyeacha mbaruti shambani alikuwa akijitafutia kichapo. Lakini mwenzangu hakucheka. Aliniambia kwamba hata wenyeji wa huko huung'oa mmea huo wakidhani wanasafisha ufuo.

Mmea wenyewe huitwa mbaruti wa Pitcher. Umepewa jina la Zina Pitcher, tabibu wa jeshi la Marekani aliyeupata katika miaka ya 1820 kwenye vilima vya mchanga vya Ziwa Superior. Kwa asili haumei popote duniani isipokuwa katika fuo za maziwa makuu ya Marekani na Kanada, yaani Michigan, Huron na Superior. Nao ni mmea wa subira ajabu. Hukaa miaka kadhaa, pengine mitano hadi minane, ukiwa shada la majani tu, huku mzizi wake ukizama mchangani hadi kiasi cha mita 2. Kisha siku yake ikiwadia hutoa maua meupe yanayoelekea waridi, huzaa mbegu, na kufa. Huchanua mara moja tu maishani. Hauna mizizi ya kutambaa ili kuzaa miche pembeni. Mbegu ndiyo urithi wake wote. Kwa hivyo, anayeung'oa kabla ya kuchanua hakuua mmea mmoja, amekata uzao.

Ama kuhusu maadui, hawakukosekana. Nyumba za mapumziko zilijengwa juu ya vilima, magari yakapita mchangani, na nyayo za wageni zikaponda miche. Katika jimbo la Illinois mmea huu ulitoweka kabisa, hata ikabidi wataalamu waanze kuurejesha kwa kupanda miche mwaka 1991. Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuuweka katika orodha ya mimea iliyo hatarini mwaka 1988.

Lakini adui anayenishughulisha mimi, kwa kazi yangu, ni neno. Wakulima wa Marekani na Kanada walikuwa wakisumbuliwa na mibaruti ya kigeni iliyotoka ng'ambo na kuvamia malisho. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliletwa fukusi kutoka Ulaya, aitwaye Rhinocyllus, ambaye viluwiluwi vyake hula mbegu ndani ya kichwa cha ua. Dawa ilionekana nzuri. Walakini fukusi hakusoma mkataba. Mwaka 1997 wanasayansi walitangaza kwamba alikuwa akila mbegu za mibaruti ya asili ya Marekani, isiyomkosea mtu. Fukusi mwingine, Larinus, ambaye naye alisambazwa katika baadhi ya maeneo kupigana na mibaruti, amekutwa ndani ya maua ya mbaruti wa Pitcher. Tukumbuke kwamba mmea huu hauna urithi mwingine ila mbegu. Waliotoa hukumu walilenga baadhi ya mibaruti, lakini adhabu ikauangukia ukoo mzima.

Kinyume chake pia ni kweli. Katika vilima hivyo hivyo, mmea unaong'olewa kwa majembe na kupigwa dawa ni jipsofila, lile ua jeupe laini ambalo sisi Wakenya hulikuza na kuliuza ng'ambo lifungwe pamoja na waridi. Huko limetoroka bustanini, likatia mizizi mirefu na kuushika mchanga usitembee, hali mbaruti wa Pitcher hutaka mchanga ulio wazi, unaohamahama. Ua la harusi limekuwa kwekwe. Mwenye miiba ndiye mwenyeji. Na hapa kwetu, gugumaji lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwazuia wavuvi kutia mashua majini, kwao Amerika Kusini ni ua la kawaida la mtoni.

Ndipo nikatambua kwamba "gugu" si jina la mmea. Ni hukumu. Halituelezi mmea ni upi. Latueleza tu kwamba haukutakiwa mahali fulani, na mtu fulani, wakati fulani. Mahali pakibadilika, hukumu nayo yapasa kusikilizwa upya.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: Mwalimu, watu wana njaa, nawe watuletea habari za miiba ya Wamarekani? Swali ni la haki. Simwambii mkulima aache kupalilia. Mahindi yangu nami nayapalilia. Ninalosema ni kwamba lugha ile ile ya palizi tumeichukua shambani tukaipeleka kila mahali. Msitu ambao haujalimwa twauita kichaka. Kinamasi twakiita uchafu. Vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, wapo wanaoviona kuwa viwanja vitupu vinavyongoja majumba, ilhali chini yake ndiko kuliko maji matamu yanayojaza visima vya mji wa Lamu. Mtu akishasema "patupu", tingatinga haliko mbali.

Nasi wanaisimu hatuna budi kukiri kosa letu. Fungua kamusi zetu utafute majina ya mimea. Mara ngapi utakuta maelezo yamekomea kwenye "aina ya mmea" au "aina ya mti"? Nyanya yangu alijua majina ya mimea mingi iliyoota kando ya shamba lake, na alijua upi ni mboga, upi ni dawa ya tumbo, na upi huliwa na nyuki tu. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika lugha, nayakumbuka machache. Yaliyobaki nayaita magugu, kwa kuwa sina neno jingine. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa kiza, na gizani mkono hung'oa chochote.

Mbaruti wa Pitcher haukuokolewa na uzuri wake. Uliokolewa, kadiri ulivyookolewa, kwa sababu mtu aliutenga na ukoo wake akaupa jina lake mwenyewe. Na kilicho na jina huweza kuhesabiwa, kuandikwa katika sheria na kutetewa. Kwa hiyo nawaomba walimu wa shule za msingi jambo moja lisilohitaji bajeti: watumeni wanafunzi kwa wazee wao, kila mmoja arudi na majina kumi ya mimea ya kijijini kwao, kwa lugha ya kwao na kwa Kiswahili, pamoja na kazi ya kila mmoja. Madaftari hayo yatatufaa sisi watunga kamusi. Yatamfaa pia yule atakayesimama kesho, jembe mkononi, mbele ya mmea asioujua.