Sindano Isiyotikisika

Imekuwa desturi katika masomo ya sayansi kwamba jaribio lisiloonyesha kitu hufichwa upesi, na mwalimu husonga mbele kana kwamba halikufanyika. Sisi twaona kuwa desturi hiyo humnyima mtoto sehemu iliyo bora ya somo.

Tuchukue mfano. Mwalimu mwanafunzi anafundisha jambo aliloligundua Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikisogezwa ndani ya msokoto wa waya, volteji huzuka katika waya huo. Anaunganisha msokoto wa mizunguko 200 na galvanometa, anaingiza sumaku, na sindano inatikisika. Darasa linafurahi. Ndipo mtoto mmoja anauliza, "Mwalimu, na mawimbi ya waifai ya ofisini je, hayawezi kuitikisa?" Msokoto unapelekwa karibu na kifaa, sindano imetulia tuli. Mwalimu anasema, "Hapa hakuna umeme," kisha anafuta ubao.

Jibu hilo si la kweli. Mawimbi ya waifai yaliyozoeleka hugeuka mara bilioni 2.4 hivi kwa sekunde, na kila yageukapo volteji katika waya hugeuka nayo, mara upande huu, mara upande wa pili. Sindano haiwezi kufuata mwendo wa kasi namna hiyo. Husukumwa huku na huku kwa kadiri ileile, ikabaki mahali pake. Tena kiasi chenyewe ni kidogo. Tukikadiria kifaa chenye nguvu ya wati 0.1 kilicho umbali wa mita 3, kitanzi kimoja chenye upana wa sentimita 2 hupata milivolti zisizofika 10.

Wala kuongeza mizunguko hakusaidii, ijapokuwa ndiyo kanuni tuliyoiandika ubaoni. Urefu wa wimbi hilo ni kama sentimita 12.5 tu, ilhali waya wa mizunguko 200 hufikia mita nyingi. Volteji ya sehemu moja hupingana na ya sehemu nyingine. Heinrich Hertz, alipoyathibitisha mawimbi ya redio kati ya 1887 na 1888, alitumia kitanzi cha mzunguko mmoja chenye mwanya mwembamba, akatazama cheche ndogo zikiruka mwanyani.

Hatudai kwamba mtoto wa shule ya msingi afundishwe hesabu hizi. Twadai aulizwe swali moja: je, umeme haupo, au chombo chetu hakiwezi kuuonyesha? Mtoto aliyezoea swali hilo hatadanganyika kwa urahisi ukubwani.

Wako watakaosema kuwa muhtasari ni mrefu na mtihani u mlangoni. Twakubali. Lakini swali hilo halihitaji zaidi ya dakika tano, wala zana mpya. Lahitaji mwalimu asiyeona haya kusema mbele ya darasa, "Sijui bado, tutafute pamoja." Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza, ndugu wanachuo, kwamba mwalimu naye ni miongoni mwa waulizao.