Hodi Kabla ya Kutumwa: Maoni Kuhusu Utambulisho wa Mhusika Mtumaji katika Michezo ya Intaneti na katika Desturi za Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kumjadili shujaa: kuzaliwa kwake, safari yake, mitihani yake na kurejea kwake. Mhusika anayemtuma shujaa huyo hutajwa kwa sentensi moja, kisha huachwa nyuma kijijini. Katika makala haya tunakusudia kumrejesha mtumaji mbele ya wasomaji. Tunafanya hivyo kwa kupitia uwanja ambao wengi wetu bado tunauhesabu kuwa ni mambo ya watoto, yaani michezo ya uhusika inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kwenye intaneti. Humo mchezaji hukutana na mamia ya wahusika wanaoendeshwa na programu, ambao kazi yao ni kumwagiza aende mahali, atafute kitu au apambane na adui, kisha arudi apokee ujira.

Hoja yetu ni kwamba namna mtumaji anavyotambulishwa kwa mchezaji ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la ufundi wa kompyuta. Aidha, tunadai kwamba desturi za maongezi za watu wa Kilosa na Mikumi zinatupa kipimo kizuri cha kuyapima mabadiliko yaliyotokea katika michezo hiyo.

2.0 Kutoka salamu hadi alama

Mchezo wa EverQuest ulipotolewa mwaka 1999, mchezaji aliyetaka kutumwa alilazimika kwanza kumwamkia mhusika aliyekutana naye kwa neno la salamu. Mhusika alijibu kwa maneno machache, na baadhi ya maneno hayo yaliwekwa ndani ya mabano. Mchezaji mwangalifu aliyaokota maneno hayo na kuyarudisha katika swali, na hapo mazungumzo yakasonga mbele. Asiyesalimu hakuambiwa neno, asiyesikiliza hakutumwa.

Katika RuneScape, mchezo ulioanza mwaka 2001, mchezaji anayeanza aweza kumkuta mpishi wa ngome ya Lumbridge akiwa amefadhaika, kwa sababu siku ya kuzaliwa ya bwana wake imewadia na keki haijapikwa. Huomba aletewe yai, maziwa na unga. Hapa salamu imepungua, lakini mtumaji bado ana shida inayosikika katika kauli zake.

World of Warcraft, mchezo uliotolewa mwaka 2004, uliieneza njia nyingine. Juu ya kichwa cha mhusika mwenye kazi ya kugawa huelea alama ya mshangao ya rangi ya manjano; kazi ikikamilika, huelea alama ya kuuliza. Mchezaji huiona alama akiwa mbali, hubonyeza, hukubali, huondoka. Maelezo ya mtumaji yapo, tena mara nyingi yameandikwa kwa ustadi, lakini hakuna kinachomlazimu mchezaji kuyasoma.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mfumo wa mwaka 1999 uliwachosha watu wengi, kwa kuwa mtu aliweza kuzunguka mji mzima akiwasalimu wahusika wasio na la kumwambia. Alama ilimwondolea mchezaji adha hiyo. Lakini pamoja na adha iliondoka pia hatua ya kujuana, na hilo ndilo linalotuhusu.

3.0 Mtume na mtumwa

Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa hadithi za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alimtenga mtumaji kuwa mmoja wa wahusika saba wa msingi, mbali na mhisani anayempa shujaa kifaa au msaada. Michezo ya intaneti imewaunganisha wawili hao: anayetuma ndiye pia anayetoa ujira. Muungano huo si jambo dogo, kwani unaugeuza utume kuwa kibarua.

Kiswahili kina nyenzo nzuri ya kulieleza jambo hili. Katika mzizi -tum- tunapata mtume na mtumwa. Yote mawili, kwa maana ya asili, ni majina ya mtu aliyetumwa. La kwanza limeundwa kwa kiambishi tamati -e, kama lilivyo neno mteule. La pili limeundwa kwa kauli ya kutendwa. Kisarafi tofauti ni ndogo, lakini kijamii umbali uliopo baina ya maneno hayo hauna kipimo. Mtume anamjua aliyemtuma na hunena kwa niaba yake. Mtumwa ametumwa tu. Hakuulizwa, na safari anayokwenda si yake. Kwa mzizi huohuo tunapata pia mtumishi, tume na kitenzi kutumia.

Kwa mtazamo huu, swali la kumwuliza mbunifu yeyote wa mchezo ni moja: je, utambulisho wako unamfanya mchezaji kuwa mtume au mtumwa?

4.0 Mtumaji katika Kilosa na Mikumi

Wilaya ya Kilosa ni nchi ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, na hawako mbali na Waluguru. T. O. Beidelman, katika kitabu chake cha mwaka 1967, aliwaweka pamoja na jamii nyingine za mashariki ya Tanzania zinazofuata ukoo wa mama. Katika jamii za namna hiyo mjomba ana kauli juu ya mpwa wake, naye humtuma kwa sababu ni mjomba. Hali kadhalika, Beidelman aliandika mwaka 1966 kuhusu utani wa Wakaguru. Mtani hufika msibani akaamuru, akadai na akatania, wala hakuna anayemwuliza mamlaka hayo ameyapata wapi. Uhusiano wenyewe ndio mamlaka. Katika mifano yote miwili, uhusiano hutangulia na agizo hufuata.

Mgeni asiye na ujomba wala utani hutengenezewa uhusiano. Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda kukusanya masimulizi katika vijiji vya Kilosa huanza na barua ya chuo, akafika ofisi za mkoa na wilaya, akateremka kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, akaandika jina katika kitabu cha wageni. Ndipo anapofikishwa kwa mzee, akapiga hodi, akaamkia, akaulizwa atokako na watu wake ni akina nani. Mara nyingi mzee naye humtuma kwanza: arudi kesho, au amwone fulani. Mlolongo huu huwaudhi vijana wetu, nao huuita urasimu. Sehemu yake moja ni urasimu kweli. Iliyobaki ni utambulisho.

Ngano za mwambao zinaishuhudia kanuni hiyohiyo. Katika hadithi ya Sultani Darai, iliyokusanywa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870, paa anapofika kwenye jumba la joka la vichwa saba hujitambulisha kwa bibi kizee aliyemo kuwa ni mjukuu wake. Bibi hamtumi, kwanza humsihi arudi alikotoka asije akafa. Huyu ni kinyume kabisa cha mhusika mwenye alama kichwani, ambaye humngojea yeyote na kumpeleka hatarini bila hata kumjua jina.

5.0 Pingamizi mbili

Yawezekana mtu akasema kwamba mchezo ni mchezo, na mchezaji aliyechoka kutwa nzima hataki kuamkiana na mashine. Pingamizi hili lina uzito, lakini linasahau kwamba mchezo ni shule ya maongezi kwa anayeucheza kila siku. Kijana wa Mikumi, mji wa barabara kuu ambako watu wa makabila mengi hukutana kwa Kiswahili, tayari ana nafasi finyu ya kuzisikia taratibu za Kividunda. Karsten Legère aliuliza mwaka 2007 kama lugha hiyo imo hatarini. Lugha haififii kwa kupoteza msamiati peke yake. Hufifia pia pale watu wanapoacha kuombana na kuagizana kwa taratibu zake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Salamu zetu pia ni mtego. Mtoto aliyekwisha kusema shikamoo na kuitikiwa marahaba hana tena nafasi ya kusema hapana, na wasichana ndio hutumwa zaidi. Mchezo wa kompyuta, kinyume chake, huweka mbele ya mchezaji kitufe cha kukubali na cha kukataa. Tunakiri kwamba hapo mchezo umetuzidi. Utambulisho usio na haki ya kukataa huweza kumzalisha mtumwa sawasawa na alama isiyo na salamu.

6.0 Hitimisho

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi iwe mhusika mtumaji, kwa kuwa mwagizaji limekwisha kuchukuliwa na biashara ya bidhaa za nje, na mpa-kazi linamkaribia mno mwajiri. Pili, wanaorekodi masimulizi ya Kikaguru, Kisagara na Kividunda wasikate salamu, hodi na maswali ya ukoo yanayotangulia agizo kwa kudhani kwamba hadithi haijaanza. Sarufi ya Kikaguru tunayo tangu ile ya J. T. Last ya mwaka 1886 hadi ile ya Malin Petzell ya mwaka 2008. Sarufi ya kutumana bado inatungoja. Tatu, wabunifu watakaotunga michezo kwa Kiswahili wasitosheke na kutafsiri maneno yaliyo chini ya alama ya manjano. Wamwache mchezaji apige hodi, aulizwe ni nani, ajue anayemtuma ni nani kwake, na baada ya hayo yote aruhusiwe kukataa kwa heshima. Akikubali, atakwenda akiwa anajua anakwenda kwa ajili ya nani.